Shangazi Anajibu: "Dada yangu alipita, mimi nikaulizwa babu yangu alitoka wapi"

Barua za mwezi huu zimetoka Rujewa, Iringa na Kyela. Ya Rujewa nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa makusudi, maana nimeisoma na kuirudia na bado inaniuma.

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27, nina mtoto mmoja, naishi Rujewa wilayani Mbarali. Nalima mpunga na kuuza mchele. Babu mzaa baba alikuwa Mbaluchi. Alikuja Usangu akiwa kijana, akimfuata kaka yake aliyekuwa na duka, akamuoa bibi yangu ambaye ni Msangu wa Utengule. Baba amezaliwa hapa hapa mwaka 1957. Mama ni Mbena wa Wanging'ombe. Kibena nakizungumza, Kisangu nakielewa, Kibaluchi sijui hata salamu. Babu alifariki mwaka 1983, mimi sikumwona. Bibi yuko hai, macho yamepungua nguvu ila akili yake timamu.

Mwaka jana mimi na wenzangu tuliunda kikundi cha wanawake tukaomba mkopo wa halmashauri. Wenzangu wote karatasi zilikamilika, mimi nikakwama kwa kuwa sina kitambulisho cha taifa. Nilipokwenda kukifuatilia, kijana wa dirishani alinitazama nywele kwanza, karatasi baadaye. Akaniambia nikalete uthibitisho wa uraia wa babu. Shangazi, dada yangu wa damu, baba mmoja mama mmoja, alipeleka karatasi zile zile mahali pale pale akapewa namba yake bila swali. Yeye amechukua rangi ya mama, mimi nimechukua ya babu.

Halafu mwenye shamba ninalokodi kanipandishia. Jirani yangu analipa laki moja na nusu kwa heka, mimi naambiwa laki tatu, "nyie Waarabu hela mnazo." Mimi si Mwarabu, na hela sina. Ndugu upande wa mama wananishauri niache jina la babu nitumie la kwao, mambo yatanyooka. Je, mimi ni raia au si raia? Na jina nilibadili?

*Mjukuu wa Msangu, Rujewa*

Marahaba mwanangu.

Wewe ni raia. Nalitanguliza hilo ili usome yanayofuata ukiwa umetulia.

Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sheria iliweka wazi nani anaamka raia asubuhi ile bila kuomba: yule aliyezaliwa Tanganyika, aliyekuwa chini ya himaya ya Mwingereza kama walivyokuwa wenyeji wote wa hapa, na ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Angalau mmoja, baba au mama. Waliozaliwa hapa na wazazi wote wawili wa kuja ndio waliotakiwa kujiandikisha, wakapewa muda wa miaka miwili.

Sasa mtazame baba yako. Kazaliwa Usangu mwaka 1957, mama yake kazaliwa Utengule. Kwa hiyo alikuwa na miaka minne tu siku bendera inapandishwa, na siku hiyo hiyo akawa raia, kwa sababu ya bibi yako. Babu angekuwa na karatasi za Gwadar, bandari ya Wabaluchi, za Maskati au asiwe na karatasi yoyote, kwa baba yako isingebadilisha kitu. Na wewe umezaliwa Tanzania, baba raia, mama raia. Aliyekutuma ukatafute uthibitisho wa babu amekutuma kwa mtu asiye na kazi katika jambo hili. Anayehitajika ni bibi, na Mungu amemweka hai.

Basi fanya hivi, na usichelewe, kwa ajili ya umri wake. Mpeleke kwa hakimu au wakili aape kiapo cha maandishi: jina lake, alikozaliwa, wazazi wake, aliolewa na nani, akamzaa baba yako wapi na lini. Ambatanisha nakala ya kadi yake ya mpiga kura. Mtendaji wa kijiji aandike barua ya kumtambua. Kama baba hana cheti cha kuzaliwa, aombe usajili wa kuchelewa kwa msajili wa wilaya. Cheti chake cha shule kinasaidia, na barua ya kijiji pia. Weka na cheti chako, cha mama, na nakala ya kitambulisho cha dada yako, kwa sababu hiyo ndiyo itakayowanyima cha kusema. Watoto wawili wa tumbo moja hawawezi kuwa mmoja raia na mwingine mgeni.

Ukirudi dirishani, ukiambiwa "lete kingine," mwombe kwa adabu akuandikie kwenye karatasi anachotaka, aweke jina lake na tarehe. Nimefanya kazi ya ukarani wa ardhi halmashauri mpaka nilipostaafu, na nakuambia kwa nilichokiona: mdomo unadai vitu vingi sana ambavyo kalamu haithubutu kuvidai. Akikataa kuandika, nenda kwa mkubwa wake, kisha Uhamiaji ngazi ya wilaya. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kubaguliwa kwa rangi yake au kwa pahali alipotokea, na inawataja waziwazi wenye mamlaka na watumishi wa serikali. Huombi huruma pale, mwanangu.

Jina usibadili. Kwanza kwa sababu ya kikarani kabisa: cheti cha shule kinasema hivi, cha kuzaliwa kinasema hivi, leo ulete kiapo cha jina jipya la upande wa mama, na yule yule aliyekutilia shaka atapata sababu halali ya kukurudisha. Tofauti ya herufi moja tu imewatesa watu. Pili, hao ndugu zako nia yao ni njema, lakini jina likibadilika, nywele zinabaki zile zile. Yule kijana hakulisoma jina lako kwanza. Umesema mwenyewe.

Sasa nizungumze na wewe kuhusu babu, maana nadhani hakuna aliyekueleza vizuri.

Wabaluchi wanatoka pwani ya Makran, nchi kavu ambayo leo imegawanyika kati ya Iran na Pakistan. Bandari ya Gwadar ilikuwa mali ya Sultani wa Omani mpaka mwaka 1958, alipoiachia Pakistan. Kwa njia hiyo Wabaluchi wengi walifika Zanzibar wakiwa askari wa Sultani, wengine wakafuata misafara na biashara kuingia bara, na baadhi wakafika huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Usangu wakati huo ilikuwa nchi ya ng'ombe na mabonde ya maji. Katika miaka ya 1930 na 1940 Wabaluchi ndio walioanzisha kilimo cha mpunga cha mifereji, wakayachepusha maji ya mito inayoshuka kutoka milimani na kuyatawanya kwenye majaruba. Mashamba makubwa ya serikali yalikuja miaka mingi baadaye. Mchele wa Mbarali unaosifiwa mpaka Dar es Salaam, mwanzo wake una mkono wa watu wa babu yako.

Lakini sitaki kumpamba. Mifereji ile ilichimbwa kwa majembe ya Wasangu, Wabena na Wakinga, na ujira wao haukuwa mkubwa. Na mkoloni alikuwa amepanga watu kwa tabaka: Mzungu juu, Mwasia na Mwarabu katikati, Mwafrika chini. Shule mbalimbali, hospitali mbalimbali, mishahara mbalimbali. Mwenye duka na leseni alipata mtaji, mwenye mtaji akapata maji, mwenye maji akapata shamba. Mwenye shamba wako anaposema "hela mnazo" anarudia kitu alichokisikia kwa baba yake, na baba yake hakukitunga. Ulijue hilo usije ukadhani kila neno la uchungu ni chuki tupu. Ila wewe unayekodi heka moja na kuuza mchele kwa kilo hustahili kulipishwa deni la mwaka 1940. Nenda kwake na jirani yako anayelipa laki moja na nusu, mkae mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, muandikiane mkataba wa msimu. Akigoma, kodi kwingine. Laki tatu usimpe.

Nilitumwa Usangu mara nyingi kazini, kwenda kwenye migogoro ya mipaka. Siku moja niliwakuta wazee wawili kwenye mfereji, mmoja Msangu, mmoja Mbaluchi mwenye ndevu nyeupe, wamekunja suruali, matope mpaka magotini. Msangu alikuwa ameziba mdomo wa mfereji kwa udongo na mabua ya mpunga ili maji yageukie kwake, na mwenzake anambomolea kwa jembe, anasema zamu yangu haijaisha. Waligombana kwa Kisangu, wote wawili, kwa maneno mazito ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilisimama pale muda mrefu na sikumsikia hata mmoja akimwambia mwenzake "rudi kwenu." Waligombania saa za maji, wakaafikiana saa za maji, wakawashiana sigara.

Miaka hiyo heka ya Usangu haikuwa na bei ya leo. Mimi naamini, na nimeliona kwenye mafaili miaka mingi, kwamba watu huulizana kwao wapi siku ambayo kuna kitu cha kugawana. Wasukuma walioshuka bonde la Ihefu na ng'ombe zao ni Watanzania hata kama wamekuja juzi, lakini ardhi na maji yalipobana waliitwa wavamizi, na mwaka 2006 wafugaji wengi wakaondolewa na mifugo yao. Hakuna aliyeona nywele tofauti pale. Na wewe hukuulizwa habari za babu ulipokuwa unasoma, wala ulipokuwa unapandikiza mpunga kwa kibarua. Umeulizwa ulipofika kwenye mkopo.

Jambo hili nalijua kwa mwili wangu. Baba yangu, Mnyakyusa wa Rungwe, alikwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na mimi nikazaliwa Kitwe. Wanyakyusa wengi walikuwa kule. Wakati wa kazi nyingi walikuwa wachimbaji wazuri. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, na kazi zikaanza kuhesabiwa nani azipate, wakawa wageni. Tukarudi. Nilifika Tukuyu ninaongea Kibemba kuliko Kinyakyusa, na wenzangu shuleni wakaniita Mzambia mpaka nilipomaliza. Baba alikuwa ametunza chitupa chake, kile kitambulisho ambacho mkoloni aliwalazimisha Waafrika kutembea nacho mjini. Kilikuwa kimechakaa kwenye mikunjo, ameshonea kitambaa nyuma. Kimeandikwa kwa mkono: Rungwe, Tanganyika. Kule Kitwe neno hilo lilimfanya mtu wa kuja. Huku lilithibitisha kwamba sisi ni wa hapa, na ndilo lililomrudishia shamba la baba yake kutoka kwa mjomba aliyesema hatujui. Ndiyo maana nakuambia uende kwa bibi na karatasi na kalamu mapema.

Mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wapo wabunge waliosimama kutaka uraia uwe wa Waafrika weusi tu. Mwalimu Nyerere alikataa, akasema serikali yake itajiuzulu kama jambo hilo litapita. Halikupita. Na mwaka 1958, katika kura ile ambayo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, watu wa huku Nyanda za Juu Kusini walimchagua Lady Chesham, mama aliyezaliwa Marekani na kuolewa na Mwingereza, akiungwa mkono na TANU. Alichukua uraia wetu akabaki bungeni baada ya Uhuru. Kama nafasi ilipatikana kwa yeye, mjukuu wa Utengule anakosaje?

Ukipata kitambulisho niandikie. Ukikosa, niandikie haraka zaidi.

Shangazi, salaam.

Mimi ni mama wa Kihindi, nina duka la vitambaa mjini Iringa, karibu na Miyomboni. Baba wa mume wangu alikuwa na jengo la ghorofa moja, lilitaifishwa mwaka 1971. Ndugu wengi wakaondoka, sisi tukabaki. Mwanangu yuko Toronto, ana ukaazi wa kudumu, sasa anataka kuomba uraia na anataka tuuze duka twende. Lakini akipiga simu analalamika. Kule kwenye fomu anaandikwa mtu wa Asia ya Kusini. Akisema mimi Mwafrika wa Iringa wanamcheka, Waafrika na wazungu pamoja. Huku naye alikuwa anaitwa Mhindi na wateja anaowasalimu kwa Kihehe. Nimwambie nini? Na tukienda, uraia wetu unakuwaje?

*Mama Duka, Iringa*

Salaam dada.

Kwenye uraia jibu ni fupi na mwambie mapema kabla hajaapa. Ukaazi wa kudumu hauondoi uraia wa Tanzania. Uraia wa Kanada unauondoa: sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, akichukua mwingine kwa hiari huu wa kwetu umekwisha. Na asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi hapa, isipokuwa kwa utaratibu maalumu kama wa uwekezaji. Kama duka na kiwanja ni jina lake au mnataka awe mrithi, hilo mlipime kwanza mkiwa mezani, si baada ya cheti cha Kanada kufika.

Kuhusu 1971, pole. Sheria ile ilichukua majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi laki moja bila kutaja rangi ya mwenye nyumba, na wapo Waafrika waliopoteza pia. Ila wenye majengo mjini wakati ule wengi walikuwa Wahindi, na kila mtu alijua. Najua kwa nini serikali ilifanya vile, nchi ilikuwa maskini na wapangaji walikuwa wengi kuliko wenye nyumba. Najua pia mkwe wako alilijenga jengo lile tofali kwa tofali. Haya mawili sijawahi kuyapatanisha na sitajifanya nimeyapatanisha leo.

Kijana wako mwambie fomu ya Toronto inauliza sura ili wahesabu watu, aijaze tu, asiipe kazi nyingine. Kuhusu kwenda, wewe dada unataka nini? Barua nzima umeeleza mwanao anataka nini. Una wateja, una Kihehe chako, una jamaa wa kukuzika. Ukienda Toronto katika umri wetu utakuwa mgeni wa mwanao ndani ya nyumba ya mwanao, baridi miezi mitano. Mimi nisingeuza. Ningekwenda kumtembelea kiangazi nikarudi kufungua duka.

Shangazi,

Naishi Kyela. Mume wangu ni Mmalawi wa Karonga, Mngonde, tuna watoto watatu. Anafanya biashara ya mchele na kakao. Nimeambiwa kwa kuwa nimeolewa naye, watoto si Watanzania, na yeye hatapata uraia kwa kunioa mimi. Ni kweli?

*Mama Watatu*

Mwanangu,

La watoto si kweli. Wewe ni raia, wamezaliwa hapa, ni raia. Hata wangezaliwa Karonga, kwa sheria ya mwaka 1995 mama anatosha. Wakiwa wana uraia wa Malawi pia, watatakiwa kuchagua wakifikisha miaka 18, kwa hiyo mkumbushane mapema.

La mume ni kweli, na ni jambo linalonikera. Mwanamke wa nje akiolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa ndoa. Mwanaume wa nje akimuoa Mtanzania hana njia hiyo. Watu wa Kyela na Karonga mnasikilizana lugha, mto Songwe umefanywa mpaka na Waingereza na Wajerumani waliogawana mwaka 1890 bila kumuuliza mtu, na leo baba wa watoto wako anahesabiwa kama aliyetoka Norway.

Njia yake ni kuomba tajinisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa kuomba. Awe ameishi nchini mfululizo miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mzuri. Miaka hiyo inahesabiwa kwa karatasi, kwa hiyo kibali chake cha ukaazi kisikatike hata mwezi mmoja, na kila akivuka mpaka wa Kasumulu pasipoti igongwe mhuri. Ajizuie na zile njia za mtoni. Fomu achukue Uhamiaji mwenyewe, asimpe hela mtu wa kati anayesema ana ndugu ndani. Shamba la kakao, kama mnanunua, liandikwe jina lako.